Antena tuli, ya kimiminika, ya kusogea au ya kibanio: ipi ndani ya jengo lako?

Aliyewahi kuishi chumba cha ndani ambako mtandao huja na kutoweka anazijua mbinu mbili. Ya kwanza ni kusogeza simu: vidole vinne kushoto, juu kidogo, na ujumbe uliokuwa ukizunguka tu unaondoka. Ya pili ni kuinuka na kwenda sebuleni iliko ruta. Hakuna anayepiga hesabu, lakini mwenye simu amekwisha kuyatenga magonjwa mawili ya mawimbi ambayo hayana dawa moja.

Antena nyumbufu, yaani zile zinazoweza kubadili mahali zilipo au umbo lake, ni jaribio la kuzifanya mbinu hizo kwa mashine. Majina yake yameongezeka upesi kiasi kwamba mwanafunzi wa uhandisi anayetafuta mada, au fundi wa mitandao aliyeulizwa na bosi wake "hizi za kisasa zitatufaa?", anakwama kabla hata hajaanza. Nazilinganisha hapa tatu kati yake na antena tulizozizoea, kwa kazi moja tu: mawasiliano ndani ya jengo.

## Zilizo mezani

Antena tuli ni zile za ruta iliyo ukutani kwako. Zimefungwa mahali pamoja, mbili, nne au nane, na zinafanya kazi kwa ushirikiano.

Antena ya kimiminika ilipata umaarufu kuanzia 2020 kupitia kazi za Kai-Kit Wong na wenzake wa University College London. Kifaa kina antena moja, lakini antena hiyo ina vituo vingi inakoweza kutokea, kama daladala isiyo na kituo maalumu cha kulala. Njia mojawapo ni tone la metali ya maji, mfano galinstan (mchanganyiko wa galiamu, indiamu na bati), linalosukumwa ndani ya kamrija. Njia nyingine haina tone lolote: ni vipande vidogo vya metali vinavyounganishwa na kutenganishwa kwa swichi za kielektroniki. Wong ameeleza kwamba taswira aliipata kwa Bruce Lee na maneno yake ya kuwa kama maji. Kwa hiyo usishangae ukikuta "antena ya kimiminika" iliyo kavu kabisa.

Antena ya kusogea ni antena ya kawaida iliyopandishwa kwenye reli ndogo, ikasukumwa na mota, huku kebo inayojikunja ikiiunganisha na redio, yaani mtambo wa kutuma na kupokea mawimbi. Rui Zhang, Lipeng Zhu na Wenyan Ma ni miongoni mwa walioipa msingi wa hesabu kuanzia 2022. Tahadhari kwa msomaji wa makala za kitaalamu: kambi ya Wong hulitumia jina la kimiminika kama mwavuli unaofunika hata hizi za mota, na kambi ya pili haitumii mwavuli huo. Usipoteze wiki nzima ukitafuta tofauti ambayo ni ya jina tu.

Antena ya kibanio ilitoka kiwandani kabla ya kuingia kwenye hesabu. Kampuni ya simu ya Japani, NTT DOCOMO, iliionyesha 2021 kwa masafa ya gigahezi 60. Mkanda wa plastiki maalumu hubeba wimbi ndani yake kama mpira wa bustani unavyobeba maji. Ukiubana kwa kipande cha plastiki, mfano wa kibanio cha nguo, wimbi linavuja mahali hapo na mahali hapo panakuwa antena. Ukitoa kibanio, uvujaji unakoma. Mwishoni mwa 2024 Zhiguo Ding, Robert Schober na H. Vincent Poor walitoa uchambuzi wa kinadharia, na tangu hapo mada imewaka.

Niseme mapema: hizi tatu huzikuti dukani Kariakoo wala Luthuli Avenue. Anayechagua leo anachagua mada ya utafiti, mfano wa maabara, au mwelekeo wa kupanga jengo litakalotumika miaka mingi. Vigezo vyangu ni vitano: ugonjwa inaoutibu, kasi yake, masafa inayoyapenda, namna inavyohudumia watu wengi, na mzigo inaomwachia fundi.

## Inatibu ugonjwa gani?

Kigezo hiki ndicho kizito kuliko vingine, na sitaona aibu kukipa nafasi kubwa.

Ugonjwa wa kwanza ni kufifia. Ndani ya chumba wimbi linakufikia kwa njia nyingi: moja kwa moja, kwa kugonga dari, kabati, sakafu. Nakala hizo zikikutana zikiwa zimepishana vibaya, zinauana. Mashimo ya namna hii ni madogo. Ukisogea karibu nusu ya urefu wa wimbi umetoka. Kwa gigahezi 2.4 urefu wa wimbi ni sentimita 12.5, na nusu yake ndiyo vile vidole vinne.

Ugonjwa wa pili ni umbali na vizuizi. Hapa hakuna shimo dogo la kukwepa, chumba kizima kiko gizani. Umbali ukiongezeka mara mbili katika uwazi, unapoteza desibeli 6, yaani inabaki robo ya nguvu, kabla hujahesabu kuta. Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar au za Lamu, zenye kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, ni shule nzuri ya ugonjwa huu.

Kimiminika na ya kusogea ni madaktari wa ugonjwa wa kwanza. Tuchukue chumba chenye mwangwi mwingi wa mawimbi, kile ambacho wahandisi hukielezea kwa mfano wa Rayleigh. Uwezekano wa antena moja kujikuta desibeli 10 chini ya wastani, yaani na sehemu moja ya kumi ya nguvu, ni asilimia 9.5. Ikiwa na vituo vinne visivyofanana hali, na ikachagua kilicho bora, uwezekano wa vyote vinne kuwa shimoni unashuka hadi takriban 8 katika 100,000. Wastani wa nguvu nao unapanda, ila si kwa kishindo: desibeli 3.2 kwa vituo vinne, 4.7 kwa kumi. Faida yake kubwa iko kwenye kuondoa siku mbaya, kuliko kuzifanya siku nzuri ziwe nzuri zaidi.

Antena tuli nazo zinatibu ugonjwa huohuo, tena kwa heshima zote. Antena nne tuli zikijumlisha nguvu zao zinakupa desibeli 6 kwa wastani, zaidi ya kimiminika chenye vituo vinne. Tofauti ni bei: kila antena tuli inadai redio yake kamili nyuma, wakati kimiminika kinatumia moja. Kwa simu nyembamba au kihisi cha betri, hilo si jambo dogo.

Ya kibanio ni daktari wa ugonjwa wa pili. Chukua ukumbi wa mita 40 kwa 10, ruta ikiwa katikati ya dari, mita 2 juu ya usawa wa simu. Aliyekaa kwenye kona yuko mita 20.7 kutoka kwenye ruta. Tandaza mkanda katikati ya dari kwa urefu wote na ubane mwisho wake: umbali unakuwa mita 5.4. Hiyo ni faida ya karibu desibeli 12, nguvu mara 15 hivi, ukitoa kiasi kinachopotea njiani ndani ya mkanda. Na kama nguzo ilikuwa inamkinga, sasa kibanio kiko upande wake wa nguzo. Lakini rudia hesabu hiyo kwa chumba cha kulala cha mita 4 kwa 4. Umbali wa kona unashuka kutoka mita 3.5 hadi 2.8, faida desibeli 1.8. Kwa faida hiyo sioni sababu ya kutoboa dari.

Kinyume chake nacho ni kweli. Mpe aliye nyuma ya ukuta mnene antena ya kimiminika yenye vituo 100: atachagua kituo bora ndani ya giza. Na vituo 100 vilivyobanana ndani ya nusu ya wimbi si bahati nasibu 100, kwa kuwa majirani huona hali ileile. Baadhi ya mifano ya hesabu ya mwanzo ilirahisisha uhusiano huo, kwa hiyo ukikuta mchoro unaopaa bila kikomo kadiri vituo vinavyoongezeka, angalia kwanza umetumia mfano gani.

## Kasi

Mtu akitembea mita 1 kwa sekunde, hali ya mawimbi ya gigahezi 2.4 inabadilika ndani ya milisekunde 50 hivi. Kwa gigahezi 28 zinabaki 4 au 5.

Swichi za kielektroniki za kimiminika kikavu zinaliwahi hilo bila jasho. Tone la metali ni zito zaidi, na mota ya antena ya kusogea haina mbio hizo hata kidogo. Kwa hiyo ya kusogea inataka mazingira yaliyotulia: mashine za kiwandani zisizohama, kamera za ulinzi, vihisi vya ghala. Inajipanga mara moja, inakaa, inajipanga tena meza zikihamishwa. Wengine huiacha ifuate takwimu za chumba kwa jumla badala ya kukimbiza kila mabadiliko, na naona huo ni uamuzi wa busara.

Kibanio hakihitaji kukimbiza kufifia, kinafuata mtu alipo, na mtu hahami mita tano kwa milisekunde. Ila kuna mtego. Vibanio kadhaa kwenye mkanda mmoja vikimhudumia mtu mmoja, mawimbi yao lazima yafike yakiwa yamepatana, na kwa gigahezi 28 urefu wa wimbi ni milimita 10.7 tu. Kosa la milimita chache linageuza usaidizi kuwa ugomvi. Ndiyo maana mapendekezo mengi huweka vibanio tayari kwenye nafasi maalumu na kuviwasha au kuvizima, badala ya kuvitelezesha.

Antena tuli hazisogei kabisa, na marekebisho yake yote ni ya kielektroniki. Kwa kasi, hakuna anayezipita.

## Masafa

Kwa gigahezi 2.4, simu ya sentimita 15 ina nafasi ya urefu wa wimbi mmoja na kidogo, maana yake vituo vitatu au vinne vyenye hali tofauti kweli. Ukipanda hadi 28, simu hiyohiyo ina nafasi ya mawimbi 14. Ungedhani kimiminika kinafurahi huko juu, lakini mwangwi unapungua: kuta zinameza, njia zinabaki chache, na pasipo mwangwi mwingi hakuna mashimo na vilima vya kuchagua. Makazi yake mazuri ni kule katikati, nafasi ikiwepo na mwangwi ukiwepo.

Ya kusogea ina tabia hiyohiyo, ikiwa na nyongeza moja: kwa masafa ya chini inabidi isafiri sentimita nyingi ili iambulie kitu, kwa hiyo ruta inakuwa pana kama sinia.

Kibanio kilizaliwa kwa masafa ya juu. Huko mwili wa mtu mmoja aliyepita katikati unaweza kukata desibeli 20, na kuona ana kwa ana ndiko kila kitu. Mwenye shida kama hiyo kwa masafa ya chini ana mzee wa ukoo: kebo ya koaksia iliyotobolewa ili ivujishe mawimbi, ambayo imetumika miaka mingi kwenye mahandaki na migodi. Hiyo inanunulika. Watafiti wa vibanio wameanza kuiingiza kwenye familia yao, na walikuwa wamechelewa.

Antena tuli zipo kwa masafa yote.

## Watu wengi kwa pamoja

Kimiminika kina ujanja ninaoupenda. Simu haichagui tu mahali ambapo ishara yake ina nguvu. Inaweza kuchagua mahali ambapo ishara ya jirani imefifia. Kila mmoja akifanya hivyo, watu kadhaa wanatumia masafa yaleyale bila ruta kuwapigia hesabu ngumu. Ujanja huo una kikomo, hasa watu wakizidi na mwangwi ukipungua, lakini kwa antena moja ni mwingi.

Antena ya kusogea huwekwa zaidi upande wa ruta. Kwa kupanga nafasi kati ya antena, safu inaweza kumwelekezea mmoja nguvu zake zote na papo hapo kumnyima mwingine. Antena tuli zikifanya hivyo mara nyingi hulipa kwa kupunguza nguvu ya anayehudumiwa.

Kwa kibanio, mkanda mmoja hubeba ishara moja. Watu watano chini ya mkanda mmoja watapokezana muda, au ishara zao zitachanganywa na kutenganishwa kwa hesabu. Ukitaka mazungumzo matano huru, tandaza mikanda mitano, kila mmoja na redio yake. Wanaouza wazo hili kama jibu la kumbi zilizojaa watu wasikwepe sentensi hiyo.

Antena tuli zimekwisha kupita mtihani huu: ruta za Wi-Fi 6 huhudumia watu kadhaa kwa wakati mmoja, kwenda na kurudi, na mafundi wanazijua.

## Mzigo wa fundi

Mota huchakaa, reli hushika vumbi, na sehemu inayotembea ndani ya dari itakufa siku ambayo ngazi haipo. Huo ndio udhaifu wa antena ya kusogea, na hakuna mlinganyo unaouondoa. Upande wa pili, ndiyo rahisi kuliko zote kuijenga maabara: mota na reli za printa ya 3D, antena ya gigahezi 2.4, redio ya bei ya chini inayoendeshwa kwa programu ya kompyuta, na wiki chache za subira.

Tone la galinstan lina visa vyake. Hupata utando wa oksaidi hewani na kugandia kuta za mrija, na halipatani na alumini. Aina ya swichi haina hayo, ila kila swichi inapoteza nguvu kidogo. Kingine ni kwamba kifaa lazima kijue hali ya kila kituo ili kichague, na kupima vituo vyote kunakula muda ambao ungesafirisha data. Hapo ndipo tafiti nyingi zilipo sasa.

Kibanio chenyewe, kikibanwa kwa mkono, hakina umeme wala mtambo, jambo ambalo fundi yeyote atalishukuru. Gharama iko kwenye redio za masafa ya juu, kwenye mkanda unaopoteza nguvu kadiri unavyorefuka, na kwenye mgawanyo: kibanio cha kwanza kikinyonya sana, cha mwisho kinabaki na matone, kama nyumba za mwisho wa bomba la maji mtaani.

Antena tuli hudai kebo na umeme kila unapoongeza ruta. Zaidi ya hapo, kijana yeyote wa mitandao atakuhudumia.

## Ipi kwa nani

Unatafuta mada ya shahada ya uzamili na unapenda uwezekano na takwimu: kimiminika. Utaishi na fomula za Bessel na uhusiano kati ya vituo, na bado kuna mengi ya kusahihisha. Kama nguvu yako ni hesabu za kutafuta kilele, zile zenye vilele vingi vya uongo, antena ya kusogea itakushughulisha. Anayetaka kuanza haraka aende kwenye kibanio: jiometri ya Pythagoras na fomula ya umbali vinakupa matokeo ya kwanza ndani ya siku chache, ingawa kwa sababu hiyohiyo uwanja umejaa na ni vigumu kusema jipya.

Una maabara lakini mfuko ni mwembamba: jenga ya kusogea kwa gigahezi 2.4. Kipimo halisi cha chumba kimoja kitakutofautisha na wengi walioishia kwenye kompyuta.

Unapanga ghala au kiwanda kirefu chenye rafu za chuma, na mashine hazihami: fikiria kebo inayovuja leo, na acha njia darini kwa ajili ya mkanda baadaye. Ukitaka kujaribu masafa ya juu, anza na mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako, iwe TCRA, CA au UCC, kabla ya kuagiza chochote.

Unabuni kifaa kidogo cha betri kitakachokaa ndani ya vyumba vyenye fanicha nyingi: kimiminika cha swichi ndicho cha kufuatilia, maana kinaokoa redio.

Ukumbi wa mihadhara, hosteli, ofisi ya watu 60: antena tuli, ruta kadhaa zilizovutwa kwa kebo na kupangiwa chaneli zisizogongana.

Na kama wewe ni mtu wa nyumbani tu uliyefika hapa kwa sababu chumba cha nyuma hakishiki, rudia jaribio la vidole vinne. Ujumbe ukiondoka kwa kusogeza simu kidogo, geuza au sogeza ruta na huenda ikatosha. Usipoondoka hata ukizunguka chumba kizima, hapo panahitajika kebo ya mita 20, ruta ya pili, na tundu moja ukutani.